Popi Aliitika Mara ya Kwanza

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nimechoka kubishana na watu juu ya jambo nililoliona kwa macho yangu mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Nilifanya kazi Bukura, na kila jioni nilirudi kwetu Lurambi kwa baiskeli, mgongo ukiniuma.

Nilikuwa na mbwa, Popi. Alipenda kukimbiza kuku wa jirani, na jirani akaapa kumchoma mkuki akimwona tena. Basi nikaanza kumfundisha kuja akiitwa. Nilikata ugali, obusuma wetu, vipande vidogo, nikachovya kwenye mchuzi. Namwita mara moja tu, kwa sauti ya furaha hata kama furaha yenyewe sina. Akija, anakula. Asipokuja sirudii wala simchapi. Namvuta polepole kwa kamba. Ukirudiarudia jina, mbwa hujifunza kungoja. Mahindi yalipotoa ndevu, Popi alikuwa akiacha kuku katikati ya mbio na kuja kuketi kando ya mguu wangu. Nilimpenda, sifichi. Mtu anayekuja ukimwita mara moja tu, utampata wapi?

Mama hakufurahi. Kwetu, jua likishazama, ukisikia jina lako huitiki mpaka liitwe mara ya pili.

"Wale wengine wa gizani, wasio watu, huitanga mara moja tu," aliniambia. "Sasa wewe, mwanangu, unafundisha mbwa kuitika ya kwanza?"

"Mama, huyo ni mbwa."

"Si ako na jina?" akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Jioni moja giza likiingia, nimeketi mlangoni, mdomo umejaa chakula, nikasikia sauti yangu ikiita kutoka kwenye mahindi: "Popi!" Niamini, ilikuwa yangu, hata ule uchovu wake. Popi alikuwa amelala miguuni pangu. Akaruka. Pembeni mwa shamba alisimama mtu mwenye kabuti kama langu, amenyoosha mkono kama ninavyounyoosha mimi. Popi akaketi kando ya mguu wake. Nilitema chakula nikaita, nikaita tena na tena. Akageuza kichwa, akanitazama mimi, akamtazama yule. Kisha wakaingia shambani pamoja. Nilizunguka humo na taa mpaka mafuta yakaisha, nisione hata jani lililovunjika.

Siku chache baadaye nilisimama mlangoni jioni na kipande cha obusuma mkononi, nikaita mara moja, kama nilivyozoea. Nikasikia miguu ikija mbio. Kitu chenye joto kikaketi kando ya mguu wangu, ulimi ukagusa vidole vyangu. Nilipotazama chini, palikuwa patupu, na kile kipande hakipo.

Sijaita tena. Siku hizi hata mke wangu akiniita kula nangoja arudie, naye hukasirika. Acha akasirike. Wewe kama una mbwa, mfundishe yote niliyokueleza, ila huyo wako angoje mara ya pili. Wangu nilimfundisha vizuri mno. Hata leo najua, nikimwita tu, atakuja.