Ruhusa ya Kumsikia Dada

Kwa desturi yetu Wakikuyu, wasichana wakizidi wawili, anayefuata anaweza kupewa jina la dada yake mama. Mimi ndiye niliyelipata, na ndiyo maana mama ameniita "dada" tangu nikiwa mchanga. Jina nilipewa, sauti nikanyimwa. Kwaya ya kanisa letu pale Gakindu iliniweka safu ya nyuma, nifungue mdomo tu.

Marehemu mwenye jina alikuwa mwimbaji. Alirekodi santuri moja, wimbo wa wachuma kahawa, akafa kabla sijazaliwa. Santuri ya nyumbani ilivunjika zamani. Mwaka jana sikio la kushoto la mama likazima, na la kulia likaanza kulifuata. Daktari hakutuficha: imebaki miezi.

"Dada," mama akaniambia, "nataka kusikia yeye mara moja tu, kabla hii sikio ifunge."

Niliutafuta ule wimbo kwenye simu, nikaukuta katika hifadhi ya sauti ya ng'ambo. Nikapiga makofi peke yangu jikoni. Lakini nilipowaomba nakala walinijibu, kwa adabu sana, kwamba nchi yao iliongeza miaka ya haki za rekodi. Bila nyongeza hiyo, wimbo ungekuwa huru tayari. Sasa nisubiri miaka mingine mingi, ama nilete ruhusa ya mwenye rekodi. Nilikasirika hadi nikamwaga chai. Wao wanaongeza miaka, masikio ya mama yanapunguza!

Mwenyewe alikuwa Mhindi aliyeuza redio mjini Nyeri na kurekodi waimbaji nyuma ya duka. Alishafariki. Siku hizi binti yake, mwanamke wa rika langu, anauza vitambaa katika duka lilelile. Niliingia nikiwa tayari kwa vita.

"Mbona mumetufungia wimbo yetu?" nikamuuliza, hata salamu sikutoa.

Akaweka makasi chini. "Wimbo gani, mama? Mimi niko na kitambaa tu."

Hakujua kama ana haki yoyote. Nikamwonyesha picha ya lebo ya santuri niliyotumiwa na hifadhi, yenye jina la baba yake. Aliitazama kwa muda.

"Alikuwa anahesabu na Kikuyu kabla waanze kuimba," akasema. "Watu walikuwa wanamcheka. Hiyo kuhesabu iko ndani?"

Sikujua. Nilichojua ni kwamba nimeona aibu. Mwenye mali mwenyewe hakuwa na chochote cha kusikiliza. Akaandika barua ya ruhusa palepale kaunta, tukaipiga picha, nikaituma.

Wimbo ulipofika baada ya wiki mbili, alikuja nyumbani kwetu na spika yake. Tuliiweka karibu na sikio la kulia la mama. Ikakwaruza kidogo, kisha mwanamume akahesabu: ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ. Mgeni wetu akajifunika uso kwa mtandio, akacheka na kulia pamoja.

Halafu dada akaanza kuimba.

Mama alifumba macho. Ubeti wa pili akaingia naye, kwa sauti kubwa mno, kama wafanyavyo wasiojisikia vizuri, na hakukosea neno hata moja. Wimbo ulipokwisha akanishika mkono.

"Rudisha tena, mwanangu," akasema.

Maisha yangu yote hakuwa amewahi kuniita mwanangu.