Sanduku Langu la Taa Lilimnyima Baba Mkwe Kombe

Nimekosa, ndugu msomaji, na sitamsingizia shetani. Kosa nililifanya kwa mikono yangu, nikalikamilisha kwa kunyamaza.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa redio pale Voi. Kanisa moja la Sagalla lilikuwa na shindano la maswali ya Biblia, wazee dhidi ya vijana, na kila mwaka waligombana ni nani aliyeinua mkono kwanza. Nikajitolea kuwatengenezea mashine ya kuamua. Si kwa wema: kapteni wa wazee alikuwa Mzee Mwakio, na nilikuwa namtaka binti yake, Wakesho.

Ndani ya sanduku niliweka flip-flop mbili, moja ya kila timu. Flip-flop ni transista mbili, yaani swichi ndogo za umeme, zinazozuiana: moja ikiamka, nyingine inalala, na hubaki hivyo hata ukiondoa kidole. Ndivyo inavyokumbuka. Anayebonyeza kitufe chake kwanza taa yake inawaka na ya mwenzake inafungwa, mpaka ufute kwa kitufe cha tatu.

Kitufe cha tatu sikuweka. Uvivu tu! Nikajiambia nitakuwa nazima betri na kuwasha tena. Nikasahau kwamba flip-flop ikipata umeme haijui ianzie wapi, huangukia popote. Siku ile zangu ziliangukia kwa vijana kila nilipowasha.

"Mzee, hii mashine haidanganyi," nilijigamba mbele ya kanisa zima.

Nikawasha. Taa ya vijana ikawaka kabla swali halijasomwa.

"Vijana, jibuni," akasema mchungaji.

"Lakini bado hujauliza," Mzee Mwakio akalalamika.

"Taa imeshasema, Mzee."

Msemaji wa vijana, dada mmoja mpole, akakuna kichwa. "Musa?"

Mchungaji akasoma swali: nani aliwavusha Waisraeli baharini? Makofi. Ikawa hivyo swali baada ya swali. Dada alijibu "Musa" tu, na maswali mengi yalitoka kitabu cha Kutoka. Mzee alibonyeza mpaka kidole kikamuuma. Mimi nilijua, nikatazama viatu vyangu. Vijana wakabeba kombe.

Mwezi uliofuata nikapanda Sagalla na wajomba zangu kuposa. Baada ya chai, Mzee akaleta lile sanduku, alilokuwa ameliazima kanisani.

"Si ulisema hii kitu haidanganyi? Taa ya wazee ikiwaka, Wakesho ni wako. Ya vijana ikiwaka, mrudi Voi."

Nikapiga magoti mbele ya wajomba. "Mzee, inadanganya. Nilijua siku ile ile, nikaogopa aibu."

Akanitazama, akawasha. Ikawaka taa ya wazee.

"Umeona, Mzee!" nikashangilia.

"Nimeona," akasema akizima. "Lakini fundi mwenyewe ameniambia inadanganya."

Nilingoja mwaka mzima ndipo akanipa Wakesho. Hadi leo nikijifanya najua kitu, mke wangu huniuliza, "Musa?"

Fundi mwenzangu, usiache kitufe cha kufuta. Na ukikosa, ungama kabla swali halijasomwa.