Mtoto Aliyefika Bila Kovu

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka naona haya kidogo. Nilikuwa kijana, nimetoka Lubumbashi na diploma yangu ya kompyuta, na hapa Kamina nilidhani hakuna wa kuniambia kitu. Kichwa kilikuwa kimenivimba.

Wakati ule watu walikuwa wakikimbia vita upande wa Malemba-Nkulu, na watoto wengi walipotezana na wazazi njiani. Ofisi yetu iliwaandikisha. Mimi ndiye niliyetengeneza programu: unajaza jina, umri, mahali alipookotwa, kisha mashine inamfungasha mtoto kuwa mstari mmoja mrefu wa maandishi na kuutuma kwa ombi la HTTP, yaani ujumbe wa mtandao, hadi kwenye seva, kompyuta kuu ya Lubumbashi. Kule seva inaufungua na kumpanga upya. Ni kama baiskeli inayofunguliwa vipande ili ipande treni, halafu inaungwa tena iendako. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na bado inanistaajabisha: safari ya siku kadhaa kwa reli, maandishi yanaimaliza kabla hujapepesa jicho.

Basi akaletwa Numbi, msichana wa miaka minne. Jina la mama yake hakulijua, kwake alikuwa "mama" tu. Alikuwa na kovu la moto gotini. Fomu haikuwa na nafasi ya kovu, nikaiongeza mwenyewe bila kuwauliza wa Lubumbashi. Nikatuma. Seva ikajibu 200, yaani imepokelewa. Nikaenda zangu nyumbani, nikala nikashiba.

Siku kumi zikapita, hakuna mzazi. Numbi akaanza kukataa chakula. Nikamlalamikia baba yangu, mstaafu wa reli aliyepokea simu za stesheni maisha yake yote.

"Balikujibia nini?" akauliza.

"Imepokelewa, papa."

"Imepokelewa njo nini? Shiye ku gare, ku stesheni, mwenzako wa stesheni ingine alikuwa anakurudilia message yote, neno kwa neno. Kama harudilie, train haitoke. Weye ulimuomba akurudilie?"

Sikumwomba. Nilirudi ofisini mbio, nikatuma ombi la aina nyingine, la kuuliza: nipe Numbi kama unavyomhifadhi. Akaja na jina, umri, mahali. Kovu halikuwemo. Seva haikulijua, ikalitupa kimya kimya, na kwenye orodha walikuwepo akina Numbi wanne wa umri mmoja. Nililia, sikufichi.

Nikawapigia simu wa Lubumbashi, wakaweka nafasi ya kovu. Nikatuma tena, nikaomba tena nirudishiwe. Safari hii alirudi mzima, na goti lake. Nilibaki nimeitazama skrini kama mtu aliye kanisani.

Kumbe mama yake alikuwa mji wa Luena, kila siku anasomewa majina yale manne kwenye orodha asiweze kusema yupi wake. Siku aliposomewa kovu la moto gotini, akapanda treni. Aliposhuka treni hapa hakuuliza jina. Alipiga magoti, akainua gauni la mtoto kidogo, akaweka kiganja juu ya kovu.

"Njo yeye," akasema. "Njo wangu."

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: ukituma kitu cha mtu, jibu la kwamba kimefika lisikutoshe. Omba urudishiwe, ukisome, ukilinganishe na ulichokuwa nacho mkononi. Na aliyekutangulia kazini, hata kama hajawahi kugusa kompyuta, msikilize. Mungu akupe mikono yenye uangalifu, na kila utakayemtuma afike mzima.