Maji Aliyoyamwaga Zuhura

Wiki iliyopita Asha, binti anayeniletea ndizi kutoka mlimani, alitua tenga lake barazani kwangu hapa Kihonda, akavua ngata kichwani na kuniwekea mapajani ili apate kushika vizuri kikombe cha chai. Ilikuwa ngata ya majani makavu ya mgomba, imesokotwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba wenyewe, bado ina joto la kichwa chake. Niliiinua nikainusa. Msinicheke, mzee naye ana starehe zake. Ilinukia moshi wa jikoni, umande, na ule utamu mdogo wa jani lililokauka juani. Ghafla nikawa tena msichana mwenye shingo nyembamba, nimesimama mbele ya bibi yangu ananipima ngata utosini.

"Bibi, ngata yangu ina nini?" Asha akauliza.

"Ina habari," nikamjibu.

"Basi na mimi nina habari. Bibi Zuhura anakusalimu sana. Kasema nikuulize, siku hizi ukiitwa unasikia, au masikio bado unayaacha nyumbani?"

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia kwenye kanga. Asha akanitazama kama mtu anayejiuliza kama mzee huyu yuko sawa. Nilimsimulia yeye, na sasa nawasimulia na nyinyi.

Nilizaliwa upande wa milima ya Uluguru unaopokea mvua kwanza, katika kijiji kilichogawanyika sehemu mbili: Kilimani na Bondeni. Sisi tulikuwa watu wa Kilimani. Msikiti ulikuwa mmoja, katikati, na chungu cha pilau ya Maulidi kilikuwa kimoja, kikubwa kiasi kwamba sisi watoto tuliambiwa mpishi wa zamani aliwahi kulala ndani yake mvua ilipomkuta. Maji ya kupikia pilau hiyo hayakuchotwa mtoni, maana wakati wa mvua mto wetu hubeba tope. Yalichotwa kwenye chemchemi ya ng'ambo, chini ya mwamba, yalikokuwa baridi hadi meno yanauma.

Na hapo ndipo palipokuwa na mashindano. Kila Maulidi, Kilimani ilitoa msichana mmoja na Bondeni mmoja. Kila mmoja alijaza mtungi wa udongo chemchemini, akauweka kichwani, akavuka mto kwa kukanyaga mawe, kisha akapanda kilima hadi uwanja wa msikiti. Mshindi hakuwa mwenye mbio, bali aliyefikisha maji mengi zaidi. Maji yake yaliingia chunguni kwanza, kwa Bismillahi ya shehe mwenyewe, na watu wa upande wake wakapewa ukoko.

Wasomaji wangu mliolelewa na majiko ya gesi, sijui niwaeleze vipi ukoko ule. Ulikuwa mgumu pembeni na laini katikati, umenywa mafuta yote na hiliki yote, ukitafuna unasikia kama mtu anatembea juu ya majani makavu. Kwa miaka mingi watu wa Kilimani tulikuwa tukiusikia tu ukitafunwa na wenzetu wa Bondeni. Bibi yangu alikuwa amezeeka anausubiri.

Mashindano yale yalikuwa na desturi moja. Kumgusa mbebaji ilikuwa marufuku, lakini kumtania ilikuwa ruhusa. Ungeweza kumwambia lolote ili acheke, ashtuke, au ageuke, maana mwenye mtungi kichwani akigeuka tu, maji yamekwenda. Tulidanganywa kuwa kuna nyoka, kuwa kanga imefunguka, kuwa mchumba anapita. Na hakuna aliyekasirika, kwa sababu utani wa Maulidi uliishia palepale chungu kilipochemka.

Mwaka nilioteuliwa mimi, bibi alinifundisha wiki nzima. Alinisokotea ngata yake ya majani ya mgomba, akaniwekea mtungi wake mweusi aliourithi kwa mama yake, akanitembeza uani huku akinitukana kwa mapenzi. "Mwajuma, miguu hiyo umeazima kwa korongo? Mwajuma, ubwabwa unaungua!" Nikigeuka, maji yananimwagikia, naye anasema, "Mwanangu, ukibeba mtungi, masikio yaache nyumbani. Shingo ndiyo uende nayo." Mpaka siku yenyewe nilikuwa nimekuwa kiziwi kamili.

Wa Bondeni alikuwa Zuhura. Tulisoma chuo kimoja kwa shehe na tulikaa jamvi moja. Alikuwa mrefu kuliko mimi, mwenye mwanya na sauti ya jogoo, na alikuwa ameshinda Maulidi iliyopita bila kumwaga hata kijiko. Nilimpenda na nilimwogopa kwa kiasi kilekile.

Siku ile jua lilikuwa kali kijijini, ila kule juu kabisa milima ilikuwa imejifunika wingu jeusi. Hatukulijali. Tulichota, mama mmoja aliyetusindikiza akatutwisha, maana mtungi uliojaa huwezi kujitwisha peke yako, kisha akatangulia kurudi kwa wengine juu. Huko walikuwa wakipiga dufu na kuimba kaswida, na sauti yao ilijaa bonde lote.

Zuhura alianza utani kabla hatujafika mtoni. "Mwajuma, mtungi umekubeba au umeubeba? Mwajuma, kuna konokono anaomba umpishe njia." Nilikaza macho mbele. Yeye akatangulia kuvuka, jiwe kwa jiwe, mgongo umenyooka kama mnazi. Hakuna tone. Alipofika upande wa kijijini akapanda kipande cha ukingo, na hapo nami nikakanyaga jiwe la kwanza.

Nilikuwa katikati ya mto aliposema, "Mwajuma, toka! Mto unakuja!"

Nikatabasamu. Sikugeuza hata jicho. Hiyo ni kazi yake, nikajiambia, na mimi ninayo yangu.

"Mwajuma! Wallahi mto unakuja!"

Sasa hapo nilishangaa kidogo, maana kuapa kwenye utani kulikuwa kumezidi. Lakini bibi alinionya kuwa wa Bondeni hawana breki. Nikatafuta jiwe linalofuata kwa kidole gumba, taratibu. Dufu zilikuwa zinapigwa kule juu na sikusikia kingine chochote. Miguuni maji yalikuwa yamekuwa baridi zaidi, nami nikaona ni raha tu ya kukanyaga mto siku ya jua.

Mnaoijua Uluguru mnaelewa kilichokuwa kinakuja. Mvua ikinyesha kileleni, mto hauongezeki kidogo kidogo kama beseni chini ya bomba. Hushuka wote kwa pamoja, na magogo yake, huku waliopo chini wanaanika mpunga juani.

Zuhura aliita mara nyingine, sauti imepasuka, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikonifanya niinue macho. Nilimwona amesimama kwenye ukingo, ananitazama usoni. Akashika mtungi wake kwa mikono miwili, akaushusha kutoka kichwani, akaupindua. Maji yote. Yalimwagika mbele ya miguu yake yaking'aa juani, yakateremka ukingoni na kuingia mtoni.

Hakuna mtu kijijini kwetu, mkubwa wala mdogo, ambaye angemwaga maji yake mwenyewe kwa utani. Hapo nikajua.

Nilipogeuza shingo niliona maji ya juu yamebadilika rangi, mekundu kama chai ya maziwa, yanakuja yakiviringisha shina zima la mgomba. Nikajaribu kukimbia, mguu ukateleza, nikazama hadi kiunoni. Zuhura alikuwa ameshaacha mtungi wake kwenye nyasi na ameshuka mtoni. Mwanya wake ulikuwa nje na macho yamemtoka. Alishika mzizi kwa mkono mmoja na kwa mwingine akanirushia kanga yake. "Shika! Shika, we kiziwi!" Nikaishika. Alivuta, na kanga ikachanika, akavuta tena. Tulipoanguka juu ya ukingo, mto ulipita nyuma yetu kwa kishindo, na yale mawe niliyokuwa nimesimama juu yake hayakuonekana tena.

Tulilala pale chali tukihema. Kisha Zuhura akainuka kwa kiwiko, akanitazama, akaanza kucheka.

"Na mtungi wako je? Hujauachia!"

Kweli. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekumbatia mtungi wa bibi kama mtoto mchanga. Ndani yalibaki maji kiasi cha nusu.

"Tugawane," nikasema, meno yanagongana. "Nikumiminie."

"Aka! Tugawane halafu tuwe waongo wawili siku ya Maulidi? Inama nikutwishe." Akaokota ngata yangu iliyonasa kwenye majani ya ukingo, akairekebisha, akanitwisha, akachukua mtungi wake mtupu, tukaanza kupanda. Hatua zangu ziliyumba. Basi akaanza tena: "Mwajuma, unatembea kama bata aliyemeza ufunguo. Mwajuma, konokono yule alishafika, anatusubiri msikitini." Nikacheka, na nilipocheka hatua zikatulia.

Juu, Kilimani nzima ilipiga vigelegele kuona mtungi wangu una maji na wa Zuhura umekauka. Utani ukamshukia kama mvua. "Zuhura, maji umeyauza?" "Zuhura, umetumwa kuchota upepo?"

"Nilikuwa na kiu!" akajibu, na watu wakavunjika mbavu. Akacheka nao. Mimi nilitaka kusema, lakini vigelegele na dufu vilinifunika.

Mwamuzi wetu alikuwa Bi Mwanvua, mama mzee aliyepima maji kwa kuzamisha ubua wa mtama mtungini. Alizamisha ubua kwangu, kisha hakuutazama. Aliitazama kanga ya Zuhura iliyochanika, na tope lililotupaka sote wawili hadi nyweleni. Akainua mkono, dufu zikanyamaza. Ndipo sote tukausikia mto. Ulikuwa ukinguruma chini bondeni, na kaswida zilikuwa zimeufunika muda wote ule.

"Mmetoka wapi na tope hilo?" akauliza polepole.

Hapo nikasema yote, hadi la konokono. Nilipofika mahali pa mtungi kupinduliwa, bibi yangu alikaa chini pale pale alipokuwa, akafunika uso kwa upande wa kanga.

"Basi ushindi ni wa Zuhura," mtu wa Kilimani akasema, na wengi wakaitikia. Sisi wenyewe, tuliolilia ukoko miaka yote ile.

"Hapana," Zuhura akasema. "Tunapima maji yaliyofika. Yake yamefika, yangu hayakufika." Akaweka mtungi wake chini, akapiga kigelegele kirefu, cha kwangu mimi, kwa ile sauti yake ya jogoo, mpaka wa Bondeni wakamfuata.

Bi Mwanvua akakubali, maana sheria ni sheria. Shehe akasoma Bismillahi, maji yangu yakaingia chunguni. Lakini kabla mpishi hajafunika, shehe alimwita Zuhura. "Lete na wako, binti yangu. Upindue." Akaupindua juu ya chungu, tukaona matone machache yakidondoka kutoka ndani ya shingo ya mtungi. "Maji ya Bondeni nayo yamefika," shehe akasema, na hakuna aliyebisha.

Ukoko tulipata. Bibi yangu aliukwangua mwenyewe, lakini hakuruhusu mkono wowote uanze mpaka Zuhura alipokaa karibu na sinia. "Anza wewe," akamwambia. Zuhura akajaza kinywa, akasema, "Kumbe wa Kilimani ukoko hamjui kuutafuna," na kicheko kikaanza upya. Jioni tukirudi nyumbani, bibi aliniambia, "Nilikufundisha vibaya, mwanangu. Sikio moja liache nyumbani. Jingine libebe."

Tangu mwaka ule desturi yetu ikaongezwa neno moja, na Asha ananiambia linasemwa hata sasa kabla wasichana hawajashuka chemchemini: mto hautaniwi. Utani wote ruhusa, ila mto hautaniwi.

Kwa miaka mingi nilipoisimulia habari hii nilisifia ile kanga, na yule msichana aliyeshuka mtoni. Na ni ushujaa kweli, sijaupunguza. Lakini nilipokua, nikaanza kufundisha dini watoto wa watu, nilifika siku moja kwenye somo la wale wanaomtanguliza mwenzao hali wao wenyewe wana haja. Mtoto mmoja akaniomba mfano. Nilipofungua kinywa, kilichonijia si kanga. Kilinijia kile kimya chake kabla ya kupindua mtungi. Zuhura alikuwa ameshavuka. Alikuwa ameshinda. Alitafuta katika vyote alivyokuwa navyo kitu kimoja ambacho ningekiamini, akakipata kichwani pake mwenyewe, akakimwaga. Kisha akapanda kilima na mtungi mtupu, akachekwa, akacheka nao, na akanishangilia. Sijui, wapendwa, kipi kati ya hivyo kilikuwa kizito zaidi kubeba. Nadhani ni hicho cha mwisho, na alikibeba bila ngata.

Asha alipomaliza chai nilimrudishia ngata yake. "Nimwambie nini Bibi Zuhura?" akauliza, akiinama nimtwishe.

"Mwambie sikio moja ninalo hapa, nimelibeba. Na mwambie konokono bado namsubiri anipishe."

Alishuka barazani akicheka, shingo imenyooka. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inakaribia, nikachukua birika nikaanza kutawadha. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walisema kweli, na Mungu awarehemu. Lakini yale ya Zuhura, kila nikimimina maji mikononi, nayazoa hadi leo.