Mkono Nilioufunga kwa Simu

Baba yangu hakuliamini neno la Kiingereza mpaka ajue limetoka wapi. Alifundisha Kiingereza shule ya msingi kwa miaka thelathini na ushei, na mezani kwake kulikuwa na kamusi nene iliyokwisha kupoteza jalada, ameifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili kurasa zisitawanyike. Chini ya kila neno kulikuwa na maandishi madogo ya asili yake. Baba aliisogeza dirishani, akasoma, kisha akatutangazia: "Huyu alizaliwa Roma, akakulia Ufaransa, Uingereza amefika akiwa mtu mzima." Mimi na kaka yangu tulicheka hadi Mama akatufukuza mezani.

Kitu kingine alichokuwa nacho Baba ni kitambaa cheupe cha mfukoni, kimepigwa pasi na kukunjwa mara nne. Alijifutia vumbi la chaki, lakini zaidi alijifutia mdomo. Sikuwahi kumwona na punje ya ugali kidevuni. Mama alipofariki alianza kuvipiga pasi mwenyewe, Jumapili jioni, vitambaa vitano vya wiki.

Neno restraint nililisoma chuo cha uuguzi, nikalifanyia mtihani, nikalisahau. Nilikutana nalo ana kwa ana hapa Doha, kwenye wodi ya wagonjwa wa muda mrefu, wengi wao wazee walioachiwa nusu mwili na kiharusi. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia msimamizi wetu, mama wa Kihindi mwenye sauti ndogo na macho makubwa, kwamba nimemfunga mikono mzee wa kitanda cha sita. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Sista, hapa hatufungi watu," alisema. "Tunaweka restraint."

Kilichokuwa mikononi mwa yule mzee ni mikanda laini ya buluu yenye sponji ndani, imekazwa kwenye chuma cha kitanda. Kwa Kiswahili cha kwetu huko ni kumfunga mtu, hata ukitumia hariri.

Jioni ile nilimpigia Baba kutoka chumbani kwetu Al Mansoura. Nikamwambia, "Baba, nitafutie neno." Nilimsikia akivuta kiti, akifungua ile tyubu ya baiskeli, akilamba kidole.

"Haya, nimempata," alisema. "Kilatini, maana yake kukaza, kama unavyovuta kamba mpaka ikaze. Mbele wameweka re, kurudisha nyuma. Kwa hiyo ni kumvuta mtu nyuma na kumkaza hapo hapo. Waingereza wamelichukua kwa Wafaransa, kama kawaida yao." Kisha akanipitisha ukoo mzima, maana kwake neno lisilo na ndugu halikuwa neno. Strict ni wa nyumba hiyo, yule mwalimu mkali. Strain pia, kujikamua. Strait, mlango mwembamba wa bahari, kama ule wa Hormuz ulio karibu na wewe. Distress, dhiki. "Hata district, wilaya, ni mtoto wao," alisema. "Sasa unajua kwa nini bwana DO wa wilaya alitusumbua."

Akaniambia kwamba zamani restraint lilikuwa zaidi jambo unalofanyiwa: kuwekwa kifungoni, mali yako kuzuiwa bandarini. Ndipo watu wakaanza kulisifia, wakasema mwenye restraint ni yule anayejifunga mwenyewe, asiyepayuka, asiyenyoosha mkono kabla ya wenzake.

"Na hiyo, mama," aliniambia, "wewe Mungu alikunyima."

Alisema kweli. Mimi nina mdomo, na napenda kuamrisha. Dada ninayeishi naye chumba kimoja, Mtanzania wa Tanga anayefanya kazi ya hoteli kule The Pearl, huniita Mudir, jina wanalomwita bosi huku. Naamrisha hadi namna ya kuanika nguo.

Kwenye wodi yetu restraint ina fomu. Daktari aweke sahihi. Kila baada ya saa mbili umfungue mgonjwa, utazame rangi ya vidole, umsugue, umpe maji kama anaruhusiwa, ndipo umrudishe. Lakini sanduku la kwanza kabisa, juu ya yote, huuliza kama umechunguza mgonjwa anataka nini. Ana maumivu? Amelowa? Anawashwa? Ni sanduku la kutiwa alama ya vema, na siku ya kazi nyingi mkono hulitia alama wenyewe, macho yakiwa tayari kwenye kitanda kinachofuata. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya msimamizi.

Mwaka jana, ikiwa imebaki mwezi mmoja na nusu niende likizo, Baba alianguka bafuni. Kiharusi kilichukua upande wa kulia wote na kauli pamoja nayo. Mtu aliyejua asili ya kila neno alibaki hana neno. Uji alilishwa kwa mpira uliopitishwa puani, na usiku wa kwanza akauchomoa.

Nilikuwa na haja moja tu, nimkute hai. Tikiti nilikuwa nayo. Na kwa kazi yangu nilijua kwamba mzee wa aina ile akikaa bila mpira hawezi kula, na akilishwa kwa kijiko chakula huingia mapafuni. Kwa hiyo uhai wa Baba, kwa hesabu zangu, ulikuwa kwenye ule mpira, na adui wa mpira alikuwa mkono wake wa kushoto.

Aliyekaa naye hospitali alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka yupo kiwandani asubuhi hadi jioni, na mtoto wa kike ni mimi peke yangu. Hapa sina budi kueleza jambo la kwetu. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe wake. Hampi mkono, haketi kwenye kitanda chake, wakikutana njiani yeye hujitenga kando. Hiyo ndiyo heshima, na wifi yangu aliishika kwa miaka kumi na miwili bila kukosea. Hospitalini aliketi kwenye kiti mbali na kitanda, akifua, akiita wauguzi, akileta uji. Kumgusa mzee ni kazi ya binti. Binti alikuwa Doha.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nimezaliwa nayo. Lakini Ijumaa ya wiki ile, siku yetu ya ibada huku, nimesimama nje ya kanisa Abu Hamour, simu mkononi, jua limenishika utosini, sikuwa binti wa kwetu, nilikuwa nesi wa zamu. Wifi aliigeuza kamera nikamwona Baba. Mkono wa kushoto ulikuwa unapanda taratibu, unatetemeka, kuelekea usoni.

"Anaufuata mpira!" nilimwambia. "Mwite nesi amfunge huo mkono. Sasa hivi."

"Wifi, labda anataka…"

"Mimi hii ndiyo kazi yangu. Mwambie atumie bendeji, aufunge kwenye chuma cha kitanda. Na kila saa mbili mumfungue, mumsugue, mumrudishe. Umenisikia?"

"Sawa, wifi."

Sikujiuliza nani angemfungua. Wodi ile ilikuwa na muuguzi mmoja asubuhi mpaka jioni. Wifi mwiko ulimkataza, na mwiko huo huo ulimkataza kunijibu, kwa sababu wifi mkubwa akishasema amesema. Kila siku nilipiga na kuuliza, "Mpira upo?" Akajibu, "Upo." Nikamshukuru Mungu. Vidole sikuviulizia hata mara moja, mimi ninayeviandika kwenye fomu kila baada ya saa mbili.

Baba alifariki siku tisa kabla ya safari yangu. Mpira ulikuwapo.

Nilikwenda kuzika. Nilipomvisha shati, kazi niliyoing'ang'ania kwa kuwa ni ya binti, niliona alama kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, pete nyeusi, ngozi imechubuka na kukauka. Alama kama ile haiji kwa mtu anayefunguliwa kila saa mbili. Nilimtazama wifi yangu aliyekuwa amesimama mlangoni, hajavuka kizingiti, na nikamchukia. Nasema wazi, nilimchukia. Watu walinisifu kwa utulivu wangu, wakasema Doha imenikomaza. Nilivuta mkono wa shati, nikafunga kitufe, nikafunika ile alama, na siku nne baadaye nikapanda ndege bila kumuaga.

Miezi mitatu sikumpigia. Akituma salamu kwa kaka, nazipokea na kuziacha hapo hapo. Mdomo wangu wote ule, na silaha niliyoichagua ikawa kunyamaza. Mtanzania wangu aliona.

"Mudir, huyo wifiyo umemnunia ya nini?" aliniuliza akipiga pasi sare yake.

Nikamweleza ile alama.

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini? Niliona kwa macho yangu."

"Haya, shoga. Ila mtu humnunii kabla hujamuuliza. Ukija kukuta una makosa wewe, utajificha wapi, na chumba chenyewe hiki?"

Wiki ile ile wifi alituma ujumbe wa sauti. Ulikaa kwenye simu siku mbili, mimi nikiupita kama mtu anayepita mlango wa anayemdai. Siku ya tatu, baada ya zamu ya asubuhi, nikaketi kitandani na kuusikiliza. Alikuwa anaongea taratibu, nyuma yake kuku wanalia.

"Wifi, najua umenikasirikia, na sikulaumu. Ulisema afunguliwe kila saa mbili. Kaka yako akifika jioni alimfungua, lakini mchana hakukuwa na mtu. Nilimwomba nesi, akaja mara moja moja. Mimi ningefanyaje? Ningemshika Baba? Nilikuwa naona mkono unavimba, nafunika macho.

"Kuna kitu sijamwambia mtu. Siku moja kabla hajatuacha, nilimfungua. Niliangalia mlangoni, hakuna mtu wa kwetu, nikaenda nikamfungua, nikamshika kabisa mkono. Mungu anisamehe na wewe unisamehe. Nikasema akiugusa mpira tu, nampigia nesi kelele. Hakuugusa, wifi. Alichukua pembe ya shuka akajifuta mdomo. Mate yalikuwa yamemtiririka mpaka shingoni, siku zote zile. Alijifuta polepole mpaka pakakauka. Akaikunja ile pembe, akaikunja tena, akaiweka kifuani.

"Halafu akanirudishia mkono. Aliuweka mwenyewe pale kwenye chuma, akaniangalia. Nikamfunga. Nilimfunga kwa sababu wewe ulikuwa umesema."

Kuku waliendelea kulia kidogo, ujumbe ukaisha.

Niliketi pale, na kitu cha kwanza nilichokiona akilini kilikuwa ule mkono kwenye simu, Abu Hamour, ukipanda taratibu. Nilikuwa nimeutazama vizuri. Haukuwa unaelekea puani. Ulikuwa unaelekea mdomoni, mkono ule ule niliouona ukifanya hivyo maisha yangu yote, ila haukuwa na kitambaa. Na wifi alikuwa ameanza kuniambia, "Labda anataka," nikamkatiza.

Nililia hadi yule dada aliporudi kutoka The Pearl. Alivua viatu, akaketi sakafuni karibu na kitanda changu, akasema tu, "Pole, mwaya. Pole sana."

Nikampigia wifi. Iliita sana.

"Haloo? Wifi? Uko hapo?"

Nilimwambia nipo. Nikamwambia asiniombe msamaha tena, kwamba si yeye aliyemfunga. Halafu sikuweza kuendelea, naye hakukata simu.