Uzito wa Mjomba

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliosoma nao sekondari walitamani Ulaya. Mimi nilitamani wali wa mama na ukuta wetu wa Chumbageni. Kwenda Muheza kwa treni nilikuona ni hijra. Kwa hiyo dada yangu aliyeolewa Unguja alipojifungua mtoto wa kwanza, na wazee wakakata shauri kwamba mimi nimpelekee zawadi za uzazi kwa ndege, tumbo liliniuma siku tatu. Wala sikujisingizia.

Ndege za miaka ile ya hamsini zilikuwa ndogo. Mbawa za turubai, injini mbili, abiria hawafiki kumi. Kabla ya kupanda, kila mtu alisimama juu ya mizani na furushi lake, na mpimaji akaziandika ratili zake kwenye karatasi ya rubani. Mpimaji mwenyewe alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, mtu mpole aliyechukiwa na wanawake wanene wa mji mzima kwa sababu ya kazi yake.

"Panda, bwana harusi," akaniambia siku hiyo. Sindano ya mizani ikatikisika kidogo tu. "Lo! Kati yako na furushi, furushi ndilo lenye mwili."

Watu wakacheka. Nikapimwa, nikaandikwa. Kisha injini zikawashwa, nikaliona turubai linavyotetemeka kama mgonjwa wa homa, na tumbo langu likaamua. Nikamwendea mjomba, ndugu wa mama, aliyekuwa akiishi nasi nyumba moja na aliyekuja na mkewe kunisindikiza.

"Mjomba, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuruka."

"Kwani utaruka wewe? Itaruka ndege." Akanitazama, akaguna. "Haya, lete furushi. Nitakwenda mimi nikamwone mjukuu wangu. Wewe rudi ukalale."

Mjomba alikuwa mtu wa mwili. Vijana kama mimi wawili tungeingia ndani ya kanzu yake na nafasi ikabaki. Mpimaji akamwonyesha mizani. Mjomba akatazama upande wa baharini, kana kwamba hakuona kitu. Pale walikuwapo wakwe zetu, jamaa za shemeji yangu, na kwetu mtu mzima hapandishwi kwenye mizani mbele ya wakwe akasomewa uzito kama gunia la mbata. Jirani yangu akanigeukia mimi.

"Mwache mzee," nikamnong'oneza. "Usimfedheheshe. Acha uzito wangu kama ulivyoandikwa."

"Karatasi ni ya rubani, ndugu yangu."

"Ni mtu mmoja tu. Nakuomba kwa ujirani wetu."

Akaiacha karatasi. Na mlangoni mwa ndege wale wakwe wakampa mjomba kikapu cha samaki wakavu na mkungu wa ndizi juu yake, maana hakuna aliyetaka isemwe kwamba zawadi yake haikuonekana.

Ndege ilikimbia mpaka mwisho wa kiwanja, ikanyanyuka shingo upande hadi kimo cha minazi. Injini ya kushoto ikakohoa. Niliisikia kwa masikio yangu, ikakohoa mara mbili. Bawa likainama, likafyeka makuti, ndege ikajipindua, ikaanguka kifudifudi katika shamba la mkonge. Ulisikika mshindo kama wa nyumba inayoporomoka, kisha kimya, kisha moto.

Tulikimbia. Miiba ya mkonge ilitupasua miguu, wala hatukuisikia. Turubai liliwaka kama karatasi. Wafanyakazi wa shambani walizipiga mbavu za ndege kwa mapanga, wakawavuta watu kwa mikono, kwa miguu, kwa chochote kilichoshikika. Walitoa watatu walio hai. Wa nne alikuwa mjomba. Nilimtambua kwa ukubwa wake tu. Kanzu ilikuwa imeshikana na ngozi, na ngumi yake imekaza fundo la furushi langu. Vitambaa vya mtoto vilikuwa jivu.

Tulipokwisha kumzika, kila baraza ya Chumbageni na Usagara ilikuwa na sababu yake. Mmoja alisema mwewe aliingia kwenye injini. Mwingine alisema petroli ilikuwa na maji. Fundi wa shamba aliulaumu upepo, kwamba uligeuka ghafla. Bibi mmoja akasema kiwanja kimesawazishwa juu ya makaburi, wenyewe wamechoka kukanyagwa. Siku ya tatu sababu zote zikawa moja: mpimaji. Amekula rushwa, wakasema, akapakia magendo. Karatasi ilikuwa imeungua. Jirani yangu angeweza kunitaja. Hakunitaja. Na mimi, mtu wa nyumbani, nilikaa nyumbani.

Baada ya alasiri walimjia. Niliwasikia kupitia ukutani: mlango ukivunjwa, vyungu, kilio cha mkewe, kisha ile sauti nzito ya fimbo inapomkuta mtu badala ya mkeka. Waliokuwa mbele ni wana wawili wa mjomba, waliotoka matangani kwetu. Nilikuwa nimekaa kitandani nimejiziba masikio. Nilihesabu mapigo kwa mgongo wangu ulioegemea ukuta ule. Nakumbuka niliwaza kwamba yakikoma, ama wamechoka ama amekufa, nami nitaendelea kuishi ukuta kwa ukuta na hicho kimya.

Nikatoka. Kutoka kitandani mpaka uani kwake ni hatua ishirini. Sijapata kusafiri mbali zaidi.

Alikuwa chini, uso hauna umbo, jicho moja limezama katika damu.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Ni mimi niliyemwambia asimpime mjomba! Nafasi ilikuwa yangu!"

Binamu yangu mkubwa alikuwa na mchi wa kinu mkononi. Hakuuliza swali. Mchi ulinikuta tayani, nikayasikia meno yangu mawili yaliyong'oka yakigonga ulimi, kisha nikawa chini kando ya jirani, mateke yakigawanywa kwetu sote wawili bila upendeleo.

Kilichowasimamisha ni sauti ya mama yao. Mkaza mjomba alikuwa edani, haruhusiwi kutoka. Alisimama kwenye kizingiti cha mlango wetu, vidole vya miguu ukingoni kabisa.

"Baba yenu aliikataa mizani mwenyewe!" alisema. "Nilikuwapo. Nami nilifurahi asipimwe. Mtanipiga na mimi? Njooni basi, mimi siwezi kuwafuata."

Mchi ukaanguka.

Akaja mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Nilimwambia yote, kwa mdomo uliovimba, ikabidi aniulize kila neno mara mbili. Akasema huenda ni injini, huenda ni maji katika petroli, huenda ni upepo wa mgongoni, huenda ni uzito. Huenda ndege ingestahimili moja, isistahimili mawili.

"Na uzito peke yake?" nikauliza.

"Sijui," akajibu, akafunga daftari. Nilitamani aniambie ndiyo au hapana. Mpaka leo natamani.

Jirani yangu alirudi kazini na jicho moja. Eda ilipokwisha, mkaza mjomba akasema anakwenda Unguja kumwona mtoto, kwa ndege, na mimi nitamsindikiza mpaka huko huko. Wakwe walikuja na vikapu vyao. Yeye akavipokea vyote, akavipanga juu ya mizani kimoja kimoja, kisha akapanda mwenyewe na buibui lake.

"Soma," akamwambia mpimaji. "Kwa sauti."

Jirani akasoma. Kiwanja kizima kikasikia, wakwe wakatazama chini.

"Na huyu."

Nikapanda. Jirani akainamisha jicho lake moja karibu na sindano.

"Umepungua," akasema.

"Ni yale meno," nikamjibu.

Akaandika.