Suti Nyeupe ya Mbeba Ndizi

Miaka ile ya ruksa, nguo zilipoanza kuingia nchini kwa marobota, akina mama wa kanisa moja pale Tukuyu walijitolea kutulisha kila Jumamosi sisi tuliolala kwenye baraza za soko. Hatukuwa wengi. Kwenye nchi ya migomba kila mtu ana kwao, na anayelala barazani huulizwa mpaka achoke amewakosea nini ndugu zake. Mimi sikuwa nimemkosea mtu. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua barabara inaishia wapi, na nilikuwa bado naifuatilia.

Jumamosi moja walileta kande na robota zima la nguo. Waliozivaa kabla yetu walikuwa na shughuli ambazo sisi hatukuwa nazo. Mimi nilipata joho la taulo, lile ambalo wenye nafasi hujifunika wakitoka kuoga. Mvua ya Rungwe ilipolikuta, lilikunywa maji likawa zito kama ndama, na sokoni wakaanza kuniita Padri. Jirani yangu wa barazani, mwanamume wa makamo aliyetolewa kwenye kota za shamba la chai kazi zilipopunguzwa, alipata suti. Nyeupe pe, na kizibao chake.

Nguo zetu za zamani akina mama walizichoma papo hapo, kwa ajili ya chawa.

Sasa, jirani yangu aliishi kwa kubeba mikungu ya ndizi kutoka sokoni mpaka kwenye malori. Jumatatu alimwendea mchuuzi aliyezoea kumpa kazi, mama mmoja wa Kyimo.

"Ndaga, mama. Leo mingapi?"

"Leo hakuna, bosi."

Mikungu ilikuwa imejaa nyuma yake mpaka njiani.

"Bosi nani? Si mimi?"

"Najua ni wewe, baba. Nakujua mpaka kikohozi chako. Lakini nikimbebesha ndizi mtu wa suti, mawifi zangu watasema nini? Watasema nimepata hela, sasa natumikisha mabwana shamba."

"Basi navua koti."

"Na suruali? Utomvu wa ndizi hautoki mpaka kufa. Akina mama wa kanisa watanijia mimi."

Alivua koti na kizibao. Shati hakuwa nalo. Wachuuzi wakamwambia avae, hapo si mtoni. Tukabadilishana nguo nyuma ya choo cha soko, akatoka na joho langu, akajitwisha mkungu mmoja. Hakufika barabarani. Joho halikuwa na vifungo wala mkanda, na mikono yote miwili ilikuwa juu imeshika ndizi. Nilirudishiwa upadri wangu kwa kelele za soko zima.

Wiki ile alishindia ndizi mbivu zilizopondeka. Jumamosi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kabla hata sufuria hazijateremshwa. Msichana mmoja mgeni katika huduma, mwenye adabu sana, akamwona, akapiga goti kidogo, akamtoa foleni na kumkalisha kwenye kiti cha wageni.

"Karibu, mheshimiwa. Utazungumza kabla ya chakula au baada?"

"Baada," alisema haraka.

Lakini mwenyekiti wa akina mama alikwishasimama kwa furaha. "Tazameni alivyoitunza! Haina hata doa! Hebu tuambie, baba, suti imekubadilishia nini maishani?"

"Kila kitu, mama."

Wakapiga makofi, wakaimba, wakaombea robota lijalo. Alipomaliza kupeana mikono na kila mmoja, sufuria ilikuwa inakwanguliwa. Nilimgawia kande yangu.

Jumatatu iliyofuata alikwenda moja kwa moja kwenye mikungu iliyotoka kukatwa, ambayo vikonyo vyake vilikuwa bado vinachuruzika. Akaikumbatia mmoja baada ya mwingine kama ndugu waliorudi kutoka migodini. Kifua, mapaja, magoti. Mgongoni nilimsugua mimi. Utomvu mbichi ni kama maji tu, hauonekani. Ukikauka ndipo hugeuka kahawia. Mwenyekiti, aliyekuja kununua ndizi zake, akatukuta hapo.

"Mwe! Shetani gani huyu amekuingia?"

"Mama, naomba nichafuke kidogo nipate kula."

"Suti ya Ulaya! Nzima!"

Yule mama wa Kyimo alimtazama mbebaji wake toka kola mpaka miguuni, akatikisa kichwa, halafu akamsogezea mkungu mkubwa kuliko yote.

"Beba, wewe. Lori linaondoka."

Akaubeba. Mwenyekiti akanyakua limau kwenye meza ya jirani, akaling'ata likapasuka, akamkimbilia akimsugua mgongoni, huku mbebaji akipanda kilima na mzigo wake bila kusimama.

"Ngoja kidogo, baba! Doa bado halijashika! Likikauka halitoki tena!"

"Acha likauke, mama," akajibu kutoka chini ya ndizi. "Kuna lori jingine nyuma."